Mbuzi wawili wa Rebeka

Ukitaja Esau mbele ya watu waliosoma Biblia, dengu hazichelewi kutajwa. Mwindaji katoka porini na njaa yake, kamwuzia pacha wake mdogo, Yakobo, haki ya kifungua mimba kwa bakuli la chakula, na habari imekwisha: mjinga ameliwa, mjanja amepata, na Mungu alikuwa upande wa mjanja tangu tumboni. Kikihubiriwa hivyo, kisa huishia sura ya 25 ya Mwanzo. Kitabu chenyewe kina sura 50, na katika sehemu kubwa ya hizo zilizobaki Yakobo yumo ndani, analipa.

Analipa vipi, ndilo jambo la kuchunguza. Mwandishi wa Mwanzo hasemi popote kwamba kwa kuwa Yakobo alimdanganya babaye, basi yalimpata haya na haya. Hana mazoea hayo. Anachofanya ni kuvirudisha vitu vilevile: mbuzi, nguo, macho yasiyoona, neno la Kiebrania lililosemwa na huyu likirudi kinywani mwa yule. Asomaye haraka hupitwa. Asomaye taratibu huona daftari la madeni limeandikwa vizuri, mstari kwa mstari.

Tuanze na hiyo haki iliyouzwa, inayoitwa bekhora kwa Kiebrania. Kipimo chake kipo Kumbukumbu la Torati 21:17: mzaliwa wa kwanza hupewa mafungu mawili. Hesabu ilivyozoeleka kufanywa ni kwamba unahesabu wana, unaongeza mmoja, unaigawa mali kwa idadi hiyo, kisha mkubwa anachukua mafungu mawili na kila mwingine moja. Wana watano, mafungu sita. Isaka, baba wa mapacha hao, alikuwa na wawili, kwa hiyo matatu: mawili ya Esau, moja la Yakobo. Tukipima kwa sheria hiyo, Esau alipoapa pale mekoni aliachia theluthi nzima ya mali ya baba yake, na Isaka hakuwa fukara. Sura ya 26 inasema alivuna mara mia ya alichopanda huko Gerari, mpaka Wafilisti wakamwonea kijicho.

Biashara yenyewe inafungwa kwa vitenzi vitano mfululizo: akala, akanywa, akaondoka, akaenda zake, akadharau. Hakuna neno alilotamka. Kosa la Esau ni hilo na halifichwi. Lakini geuza ukurasa utazame upande wa mnunuzi: hakuna mahali panaposema Yakobo alipokea mafungu hayo. Anapokumbuka alivyoondoka nyumbani, Mwanzo 32:10, anasema alivuka Yordani akiwa na fimbo tu. Aliyebaki ni Esau, na sura ya 36 inaeleza kwamba mifugo ya ndugu hao wawili ilizidi hata nchi isiwatoshe kukaa pamoja. Yakobo alimbana mwenye njaa, akanunua, na alichokinunua hakukichukua.

Ugomvi wenyewe haukuanzia mekoni. Mstari wa 28 wa sura hiyohiyo ni mfupi na wengi huuruka: Isaka alimpenda Esau kwa sababu ya kula mawindo yake, Rebeka naye alimpenda Yakobo. Upendo wa baba umepewa sababu, na sababu ni nyama. Wa mama haukupewa sababu yoyote. Mapacha hao walingojwa miaka 20 (Isaka alioa akiwa na 40, wakazaliwa akiwa na 60), na walipokuja wazazi wakagawana kama watu wanaogawana mbuzi wa mahari: huyu wako, huyu wangu. Nikiulizwa nani alianzisha vita, sitamtaja Esau wala Yakobo.

Rebeka alikuwa na siri. Mimba ilipomsumbua aliambiwa kwamba mataifa mawili yamo tumboni mwake na kwamba mkubwa atamtumikia mdogo. Hivyo ndivyo tunavyosoma kwa Kiswahili. Maneno ya Kiebrania, rav ya'avod tsa'ir, hayana ile alama ndogo, et, ambayo huonyesha nani anatendewa, na wafafanuzi wa Kiyahudi wa zama za kati waliliona hilo: kisarufi sentensi inaweza kusomwa hata kinyume, mdogo amtumikie mkubwa. Tafsiri imeshatuchagulia. Unabii haukusema lini, wala kwa njia gani, wala hatusomi popote kwamba Rebeka alimshirikisha mumewe. Alikaa nao, kisha akaamua kuusaidia.

Sura ya 27 inaonyesha alivyousaidia. Macho ya Isaka yamefifia. Anamtuma Esau akawinde, amletee kitoweo kile akipendacho, ambariki kabla hajafa. Rebeka anasikia. Anaagiza kundini mbuzi wawili wachanga, wazuri, awapike waje na ladha ya mawindo. Ngozi zao anazivika mikono ya Yakobo na shingo yake iliyo laini, kwa kuwa Esau ni mtu wa manyoya. Nguo nzuri za Esau zimo nyumbani kwa mama. Anazitoa na kumvika mdogo. Katika maandalizi yote hayo pingamizi la Yakobo ni moja, na si la dhamiri: baba akinipapasa je? Anachohofia ni kukamatwa. Mama anamjibu kwamba laana hiyo na iwe juu yake.

Mzee naye hakuwa mzembe. Alijaribu milango yote ya fahamu. Macho yalikuwa yamefungwa. Sikio likasema kweli: sauti ni sauti ya Yakobo. Vidole vikasema Esau. Ulimi ukasema Esau. Akamvuta karibu ambusu, pua nayo ikasema Esau, harufu ya shamba. Mitatu dhidi ya mmoja, na ule mmoja ndio uliokuwa sahihi. Mwandishi anaandika kwamba hakumtambua, kwa maana mikono yake ilikuwa na manyoya. Shika neno hilo, kutambua. Litarudi.

Esau anaporudi na chakula chake analia kilio kikubwa cha uchungu mno, na ndani ya kilio hicho anacheza na maneno: bekhora yangu aliichukua, na sasa ameichukua berakha yangu. Sisi wa Kiswahili tuna bahati hapa, maana mizizi hiyo miwili ya Kisemiti imetufikia kupitia Kiarabu, b-r-k katika baraka na b-k-r katika bikira. Herufi mbili zimepishana nafasi, kama mapacha hao walivyopishana mbele ya kitanda cha baba.

Sasa pima kilichoibwa. Baraka ya 27:28–29 ina umande wa mbinguni, unono wa nchi, nafaka na divai. Mataifa yakutumikie, wana wa mama yako wakuinamie. Ibrahimu hatajwi. Ahadi ya uzao haimo, ya nchi haimo. Hayo yanakuja sura inayofuata, 28:3–4, Isaka anapomwita Yakobo akijua fika anayeongea naye ni nani, na kumpa kwa hiari baraka ya Ibrahimu, yeye na uzao wake, ili airithi nchi. Wapo wataalamu wanaosema tofauti hiyo inatokana na masimulizi mawili yaliyoshonwa pamoja, moja la Yakobo anayemkimbia nduguye, jingine la Yakobo anayetumwa kutafuta mke, na hoja yao ina nguvu. Hata hivyo kitabu tulicho nacho kimeyapanga hivi, na kwa mpangilio huu mzee alikuwa na baraka mbili kwa wana wawili. Ile ya mali na ubwana alimwekea mtu wa porini, shupavu, aliyeonekana kuiweza. Ile ya agano alimpa Yakobo, tena Yakobo akiwa amevaa nguo zake mwenyewe. Kama ni hivyo, ngozi za mbuzi hazikuwa na kazi. Si kila mfafanuzi atakubali, lakini usomaji huu unaeleza vizuri kwa nini Isaka, aliyetetemeka tetemeko kuu alipogundua hila, hakumkaripia Yakobo hata kwa neno moja alipomwita tena.

Kwa hiyo faida ilikuwa ubwana na mali ambavyo havikuwa vyake. Gharama ndiyo hii.

Wa kwanza kulipa ni Rebeka. Alimwambia mwanawe akakae kwa mjomba Labani, Harani, siku chache, hasira ya nduguye ipoe. Methali yetu inasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Rebeka alifikiri kwa namna hiyohiyo, kwamba hasira ya tumbo moja haina mizizi. Siku chache zikawa miaka 20, 14 kwa ajili ya mabinti wa Labani na 6 kwa ajili ya mifugo. Kiebrania kinatumia yamim ahadim kwa zile siku chache za mama, na sura mbili mbele kinatumia yamim ahadim tena: miaka saba ya kumtumikia Labani ili amwoe Raheli, binti yake mdogo, ikawa machoni pa Yakobo kama siku chache. Kwa mwenye mapenzi zilipita upesi. Kwa mama hazikuisha. Mwanzo haisimulii Rebeka kumwona tena mwanawe, wala haisimulii kifo chake. Katika 35:8 anakufa yaya wake, Debora, na anazikwa chini ya mwaloni unaoitwa Mwaloni wa Kilio. Kaburi la Rebeka linatajwa kwa kupita tu, Yakobo akiwa kitandani pa mauti huko Misri.

Kisha Labani. Giza la usiku, bibi arusi kafunikwa, asubuhi kumbe ni Lea, dada mkubwa wa Raheli. Yakobo anauliza: kwa nini umenidanganya? Kitenzi chake kinatoka mzizi uleule wa hila ambayo Isaka aliitaja aliposema ndugu yako amekuja kwa hila. Jibu la Labani ni kofi: kwetu hapa haifanyiki hivyo, kumtoa mdogo kabla ya mzaliwa wa kwanza. Angeweza kusema mkubwa. Akasema bekhira, neno la mzizi uleule wa bekhora. Wasimulizi wa Bereshit Rabba, mkusanyo wa kale wa Kiyahudi wa masimulizi juu ya Mwanzo, wanamtia Lea maneno mdomoni asubuhi ile: Yakobo anapomshtaki kwamba alimwitikia usiku kucha kwa jina la Raheli, Lea anamuuliza, je, na wewe baba yako hakukuita Esau ukaitika? Maandiko hayana mazungumzo hayo, ila yeyote aliyeyatunga alikuwa amelisoma daftari.

Esau katika miaka hiyo anaonekana mara moja tu, katika mistari inayotia huruma. Anaona wake zake Wahiti hawampendezi baba yake, anakwenda kwa Ishmaeli, mwana mwingine aliyewekwa kando, anamwoa binti yake. Anajaribu kupendeza, amechelewa, na hakuna anayemjibu. Hata mpango wake wa kumuua Yakobo aliuahirisha mpaka siku za matanga ya baba ziishe. Mzee aliyedhani anakaribia kufa akaendelea kuishi.

Marejeo, sura ya 32 na 33, ndipo hesabu ya kaka na kaka inapofungwa. Yakobo anasikia Esau anakuja na watu 400. Anatenga mbuzi jike 200 na beberu 20, kondoo jike 200 na dume 20, ngamia wanyonyeshao 30 pamoja na ndama wao, ng'ombe 40 na mafahali 10, punda jike 20 na madume 10. Jumla 550, ndama wa ngamia hawajahesabiwa. Hakuwapeleka kwa mkupuo. Aliwagawa makundi, kila moja na mchungaji wake, akaagiza pawe na nafasi kati ya kundi na kundi, na kila mchungaji aseme maneno yaleyale: hii ni zawadi ya mtumwa wako Yakobo kwa bwana wangu Esau. Mtu mwenye hasira akikutana na mbuzi, halafu kondoo, halafu ngamia, na kila mara anaitwa bwana, hasira inapata muda wa kukaa chini. Yakobo alikuwa mfugaji na alijua mwendo wa mifugo. Na bado alijua mwendo wa watu.

Halafu anakwenda mwenyewe mbele, akichechemea kwa ajili ya mweleka wa usiku kwenye kivuko cha Yaboki, na anainama mpaka nchi mara saba. Ile baraka aliyoiiba ilisema nduguze wamwinamie yeye. Katika Mwanzo nzima Esau hamwinamii Yakobo hata mara moja. Yakobo ndiye anayeinama, mara saba, halafu wake zake, halafu watoto. Na Esau anapokataa mifugo, akisema anavyo vingi, Yakobo anabadilisha neno. Mpaka hapo aliiita minha, zawadi. Sasa anasema: kah na et birkhati, chukua, tafadhali, baraka yangu. Isaka alimwambia Esau, ndugu yako ameichukua baraka yako, kitenzi hichohicho, nomino hiyohiyo. Baada ya miaka 20 mwizi amesimama njiani na mali mkononi. Esau akaichukua.

Si kwamba wakawa marafiki. Esau anamwalika Seiri, Yakobo anasema nitakuja taratibu nyuma yako kwa sababu ya watoto na wanyama, kisha anageukia Sukothi. Seiri hakufika kamwe. Ujanja haumtoki mtu kwa busu moja.

Kwa Esau, basi, deni limelipwa. Kwa baba bado. Yakobo alimdanganya mzazi kipofu kwa mbuzi na kwa nguo za kaka. Wanawe wakamchukua Yusufu wa miaka 17, mwana wa mke mpendwa, wakamuuza kwa shekeli 20 (Walawi 27:5 inataja kiasi hichohicho kwa mwanamume wa miaka 5 hadi 20), wakachinja mbuzi, wakachovya kanzu ya ndugu yao katika damu. Hawakusema kwamba Yusufu amekufa. Walisema: haker na, tambua tafadhali, je, ni kanzu ya mwanao? Isaka mwenye macho mabovu hakutambua kwa ajili ya ngozi ya mbuzi. Yakobo mwenye macho mazima alitambua, na kwa ajili ya damu ya mbuzi akatambua kisichokuwapo. Na kiini cha ugomvi ni kilekile, mzazi mwenye mwana wake mmoja. Yakobo, aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo, ndiye aliyeshona kanzu.

Yuda, aliyetoa wazo la kumuuza Yusufu, hakukawia kuonja. Sura ya 38 anamwahidi mwana-mbuzi mwanamke aliyejifunika uso, na miezi mitatu baadaye Tamari, mkwewe, anamletea muhuri, kamba na fimbo: haker na, tambua tafadhali. Yuda anatambua na kukiri kwamba mwanamke ana haki kuliko yeye. Katika familia hiyo ni mtu wa kwanza kuwekewa ushahidi mbele akasema ndiyo, ni mimi.

Ndiyo maana kazi ya sura ya 44 inamwangukia yeye. Benyamini amekamatwa Misri na kikombe, na Yuda anasimama mbele ya mkuu, bila kujua kuwa mkuu huyo ni Yusufu. Hotuba yake ina mistari 17, na katikati yake kuna mstari ambao kila mtoto wa mke wa pili, au wa mke asiyependwa, atausoma mara mbili. Anamnukuu baba yake akisema: mke wangu alinizalia wana wawili. Mke wangu, Raheli. Yuda ni mwana wa Lea. Mbele ya mgeni anarudia maneno ya baba yanayomfuta mama yake na kumfuta yeye mwenyewe, wala hayapingi, wala hayalalamikii. Anasema tu kwamba roho ya mzee imefungamana na ya kijana, basi mimi nibaki mtumwa badala yake. Baba hajabadilika, bado anapendelea, tena waziwazi. Aliyebadilika ni asiyependwa, na hapo Yusufu anashindwa kujizuia.

Kuna hesabu moja ambayo maandiko hayaifanyi, lakini yanatoa tarakimu zote. Yusufu alikuwa na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao. Ongeza 7 ya shibe na 2 ya njaa, 39, na wakati huo Yakobo alimwambia Farao ana 130. Basi Yusufu alizaliwa Yakobo akiwa na 91, baada ya miaka 14 ya kutumikia, kwa hiyo Yakobo alitoka kwao akiwa na 77 na Isaka, mkubwa kwa miaka 60, akiwa na 137. Isaka alikufa akiwa na 180. Mzee aliyeomba kitoweo chake cha mwisho aliishi miaka 43 zaidi, muda wa kutosha kumpokea Yakobo Mamre, na kuwa hai, kipofu, siku kanzu yenye damu ilipoletwa. Siku ya maziko yake Yakobo alikuwa na miaka 120 na alikuwa amemlilia Yusufu kwa miaka 12. Esau, pacha wake, alikuwa na miaka 120 vilevile. Siku za matanga alizozingojea amuue nduguye zilikuwa zimefika.

Ibrahimu alipozikwa, 25:9, mwandishi alimtaja mdogo kwanza: Isaka na Ishmaeli wanawe wakamzika. Kwa Isaka, 35:29, ameandika: Esau na Yakobo wanawe wakamzika.